Huruma Peke Yake Haimtembezi Mtoto

Ndugu wasikilizaji, juma hili naomba nianze na kosa langu mwenyewe.

Mwaka 2019 mpwa wangu, wakati huo akiwa na miaka sita, alishikwa na homa iliyoishia kwenye degedege. Hospitali ikagundua malaria imempanda kichwani. Mungu si Athumani, mtoto alizinduka. Lakini ubongo ulikuwa umeumia, na mkono na mguu wa kulia havikuwa na nguvu.

Tukarudi naye nyumbani kwa shangwe. Dada yangu akawa anambeba kwenda msalani, anamlisha na kumvalisha. Bibi yake alimkanda kwa maji ya moto kila jioni. Mimi, mjomba mtu, nilileta biskuti na kuamuru: "Mwacheni mtoto apumzike."

Baada ya miezi miwili kiwiko kilikuwa kimekunjamana, na unyayo umeelekea chini hata kiatu hakiingii. Ndipo tulipompeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Mama yule akauliza: "Nani anamvalisha shati?" Dada akajibu, "Mimi." Mtaalamu akasema: "Basi mama, mkono wako ndio unaofanya mazoezi. Wa mtoto umelala."

Ndugu wasikilizaji, sehemu ya ubongo iliyokufa haifufuki. Hata hivyo, ubongo wa mtoto unaweza kujifunza upya, na sehemu zilizo nzima zikabeba baadhi ya kazi za ile iliyoharibika. Hujifunza kwa kurudia tendo lile lile mara nyingi. Nao msuli unaoachwa umejikunja siku hadi siku hufupika, na kuunyoosha baadaye ni kazi ngumu.

Kwa hiyo mzazi afanye nini? Kwanza, asiondoke kliniki kabla ya kuoneshwa mazoezi na kuyafanya yeye mwenyewe mbele ya mtaalamu. Nyumbani, mazoezi mafupi mara kadhaa kwa siku yanafaa kuliko saa nzima ya vilio. Kiungo kinyooshwe polepole. Mtoto akilia kwa maumivu, simama, kisha umweleze mtaalamu. Usimnyanyue kwa kuuvuta mkono dhaifu, maana bega huweza kuteguka. Na maji ya moto tuyaogope: upande uliopooza huenda usihisi joto, mtoto akaungua kimya kimya.

Mazoezi yaingie katika shughuli za nyumbani. Avae shati mwenyewe, akianza na mkono dhaifu, hata kama itachukua robo saa. Mkono huo ushike bakuli wakati mwingine unachota. Asimame akiegemea meza huku akicheza na ndugu zake. Wakati wa kula aketi wima, chakula kisije kikampalia. Na akila kwa mkono wa kushoto, tafadhali asigombezwe kwamba hana adabu. Degedege likirudi, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, mkimbize hospitali.

Nina neno kwa akina baba. Shemeji yangu mwanzoni alisema mazoezi ni kazi ya mama, na wazee wengine wakaanza kuulizana nani kamroga mtoto. Wakati maneno hayo yakizunguka, kiwiko kilizidi kukaza. Siku baba mtu alipokubali kushika zamu ya asubuhi kabla ya kwenda kazini, dada yangu alilala usingizi ambao hakuwa ameupata kwa miezi. Mama aliyechoka peke yake hawezi kumwinua mtoto.

Sitawadanganya. Mpwa wangu hakurudi kama alivyokuwa. Anachechemea, na kalamu anaishika kwa mkono wa kushoto. Lakini anakwenda shule kwa miguu yake, na vifungo vya shati anavifunga mwenyewe. Siku moja niliona anahangaika na kifungo cha mwisho, nikanyoosha mkono nimsaidie. Akaniambia, "Mjomba, subiri."

Nikasubiri. Nami nawaomba ninyi wenye mtoto wa namna hii nyumbani, msiache kliniki, wala msimnyang'anye mtoto kazi anayoweza kuijaribu. Haba na haba hujaza kibaba.

Kwaherini, hadi juma lijalo.