Washindani Kukaa Meza Moja: Funzo Kutoka kwa Watengenezaji wa Ndege Ndogo

(Mada iliyotolewa na mratibu wa miradi katika semina ya viongozi wa vikundi vya wakulima wa viazi na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, Kiwira)



Nimeombwa nizungumzie chama cha wazalishaji: kina faida gani, na mipaka yake iko wapi. Mfano niliouleta unatoka mbali, kwa watengenezaji wa ndege ndogo. Hata hivyo ndege hizo si ngeni kwetu. Mwaka 1957 madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, walianzisha huduma ya kuwafikia wagonjwa wa Afrika Mashariki kwa ndege, na hapo ndipo ilipoanzia AMREF. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, nayo imetumia ndege za MAF kufikisha kliniki za mama na mtoto vijijini. Ndege za namna hiyo, kama Cessna, hutengenezwa na makampuni yanayogombea wateja wale wale.

Wanakutana kwa lipi?

Mwaka 1970 makampuni hayo yaliunda chama chao huko Marekani, kiitwacho GAMA, chenye makao makuu Washington. Chama hakipangi bei ya ndege wala hakimuuzii mtu ndege. Kila kampuni inaendelea kutafuta wateja wake. Wanakutana kwa yale ambayo mmoja peke yake hayawezi. Nitataja matatu.

Kwanza ni kiwango kimoja. Zamani kila kampuni iliandika kitabu cha maelekezo ya rubani kwa mpangilio wake. Rubani aliyezoea ndege ya kampuni moja, akipanda ya kampuni nyingine, ilimbidi atafute upya mahali penye maelekezo ya hatari. Mwaka 1975 GAMA ilitoa mpangilio mmoja kwa wote: sura ya pili ni mipaka ya ndege, ya tatu ni hatua za dharura, ya sita ni uzito na jinsi ya kuupanga. Injini ikizimika angani, rubani anajua ni sura ya tatu, ndege iwe ya kampuni yoyote.

Pili ni takwimu. Kila robo mwaka chama hutangaza ni ndege ngapi wanachama wamewakabidhi wateja. Kwa hiyo wakienda serikalini wanakwenda na hesabu mkononi.

Tatu ni utetezi. Mwaka 1978 Marekani ilitengeneza ndege ndogo zaidi ya 17,000. Kufikia 1994 zilikuwa zimeshuka chini ya 1,000. Cessna ilisimamisha ndege zake za injini moja ya pistoni mwaka 1986. Sababu zilikuwa zaidi ya moja, lakini watengenezaji walilalamikia hasa gharama za kesi na bima: ndege ya miaka 30 ikianguka, aliyeitengeneza alishtakiwa. Chama kilidai sheria ibadilishwe, na Agosti 1994 Rais Bill Clinton alitia saini sheria iliyoweka ukomo wa miaka 18. Mwaka 1996 Cessna ilianza tena kutengeneza ndege hizo.

Ambaye hayupo mezani

Hapa naomba tutulie kidogo. Unafuu wa mtengenezaji ulikuwa ni haki iliyopunguzwa ya abiria wa ndege kuukuu. Waliopinga walisema hivyo, na bunge likaweka vighairi: ukomo haumlindi mtengenezaji aliyeficha taarifa za hatari kwa mamlaka, wala haumnyimi haki mgonjwa aliyekuwa akisafirishwa kwa matibabu ya dharura, au mtu aliyeangukiwa na ndege akiwa chini. Chama cha watengenezaji kilisema ya watengenezaji, kama ilivyo kazi yake. Abiria walihitaji watu wa kuwasemea.

Tena sheria haikurudisha soko la zamani. Miaka ya karibuni ndege zinazokabidhiwa duniani, zikijumlishwa na za jeti, ni kama 3,000 kwa mwaka.

Turudi Kiwira

Mnaijua lumbesa. Mnunuzi anakuja na gunia lake, analijaza mpaka linaota kichwa, halafu analipa bei ya gunia moja. Sheria inakataza, na Wakala wa Vipimo wapo. Lakini kikundi kimoja kikikataa, mnunuzi anavuka mto kwenda kijiji cha pili. Ndiyo maana vitabu vya marubani havikuweza kulinganishwa na kampuni moja. Ilibidi wakubaliane wote, na wao ni washindani kuliko sisi.

Kwa hiyo naomba kila kikundi kirudi nyumbani na maswali haya, na majibu yaandikwe:

1. Je, tuko tayari kuuza viazi kwa kilo kwenye mizani, na kumwambia jirani afanye hivyo siku hiyo hiyo?

2. Je, tunajua msimu uliopita tuliuza magunia mangapi na lita ngapi za maziwa? Bila hesabu hiyo, halmashauri itatusikiliza na kutusahau.

3. Katika uamuzi wetu, nani hayupo mezani? Kibarua anayechimba viazi na mama anayenunua fungu moja sokoni wataumia wapi?

Swali la tatu lisirukwe. Chama kinaweza kushinda jambo lake na bado kikamwachia mwingine mzigo, na katika kijiji, huyo mwingine mara nyingi ni ndugu yako.

Sasa nakaribisha maswali.