Nyimbo za Ujana kwa Mzee Anayesahau

Leo nazungumza na wewe unayemuuguza mama, mavyaa, nyanya au baba ambaye kumbukumbu zake zimeanza kupotea. Pengine anakuuliza jambo moja mara kumi. Pengine amekuita kwa jina la dada yake aliyefariki zamani. Pengine ikifika magharibi anachukua buibui lake na kutaka kwenda "kwao", ilhali yuko kwao.

Hali hii ni ugonjwa wa ubongo, na madaktari huuita demensia. Si uzee tu, kwani wako wazee wengi wa miaka 90 ambao akili zao ni timamu. Si wazimu, wala si uchawi. Nasema hivi kwa sababu hapa Pwani jambo hili lina hatari yake. Katika kaunti jirani ya Kilifi, wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na mzee anayezurura usiku au kusema maneno yasiyoeleweka hushukiwa upesi. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa na ugonjwa huu. Basi mama, huko peke yako.

Dawa ya kuuponya kabisa bado haijapatikana. Lakini kuna mambo ya kumtuliza mgonjwa, na moja ni rahisi kulifanya nyumbani: kumkusanyia nyimbo zake. Nyimbo tulizozipenda tukiwa wasichana na wavulana hukaa ndani sana. Mzee aweza kusahau alichokula asubuhi, lakini ukimpigia wimbo wa harusi yake, huenda midomo yake ikaanza kuufuata. Ndiyo sababu katika nchi nyingi wauguzi wa wazee hutumia muziki. Haumrudishii kumbukumbu zilizopotea, lakini huweza kupunguza huzuni na wasiwasi, na wewe ukapata nafasi ya kumwogesha na kumlisha bila vita.

Sasa tuone namna ya kuzichagua.

Kwanza, piga hesabu ya miaka. Nyimbo zinazoshika zaidi ni zile za kati ya miaka 10 na 25 ya umri wake. Mama aliyezaliwa mwaka 1947 alikuwa na miaka 15 mwaka 1962, na miaka 25 mwaka 1972. Basi zitafute za miaka hiyo. Zile unazozipenda wewe, au zile zinazopigwa kwenye matatu leo, hazitamfaa.

Ikiwa mamako amekulia hapa Mji wa Kale, kazi si ngumu. Katika miaka ya 1960 na 1970 Mombasa ilikuwa na lebo yake ya santuri iliyoitwa Mzuri, ya duka la Assanand. Baadaye kaseti za Mbwana Radio Service zikaingia karibu kila nyumba. Mtajie majina na umtazame uso: Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu na fundi wa udi, aliyefariki mwaka 2016, Maulidi Juma, Malika, na Zuhura Swaleh, aliyeitia taarab mapigo ya chakacha. Jina litakalomfanya atabasamu, hapo ndipo pa kuanzia.

Lakini usidhani kila mzee ni wa taarab. Yuko aliyekuwa mtu wa vugo na lelemama. Yuko aliyependa senema za Kihindi, na wimbo wa filamu ya Mother India ya mwaka 1957 utamgusa zaidi. Yuko ambaye hakusikiliza ila kasida na maulidi. Huyo mwekee kasida, usimlazimishe taarab. Na aliyetoka Taita, Kisumu au Machakos akaja kufanya kazi bandarini ana nyimbo za kanisani kwake na za lugha yake. Mfuate yeye alivyokuwa.

Pili, waulize wanaomjua. Shoga zake wa zamani wa Kibokoni au Kuze, ndugu zake, majirani waliokaa naye barazani. Swali ni moja: "Alikuwa akiimba nini jikoni?" Waulize pia nyimbo za kuepuka. Wimbo mzuri waweza kuwa ndio uliopigwa mwaka aliofiwa na mtoto, au alipoachwa. Mgonjwa huyu huenda asikumbuke kisa, lakini uchungu utamjia vilevile, naye hataweza kukueleza kwa nini analia.

Tatu, zikusanye pamoja. Mpe kazi hii mwanao au mjukuu mwenye simu. Atazitafuta katika intaneti, au atazinakili kutoka kaseti za nyumbani kabla hazijaharibika kwa joto na ukungu. Azitie kwenye simu, memori kadi au flashi ya kuchomeka kwenye redio. Usitegemee stesheni ya redio kwa kazi hii, maana katikati ya wimbo litaingia tangazo la makelele au habari za ajali, na mzee ataingiwa na hofu.

Nusu saa hadi dakika 45 yatosha. Hesabu vizuri, kwani santuri ya zamani ilikuwa na dakika tatu nne hivi kila upande, lakini taarab ya kaseti huenda hadi dakika 10. Anza na wimbo anaoujua mno, ili asikie yuko kwake. Katikati weka wa kuchangamka, wa kupiga makofi. Malizia na zile za polepole. Zikiwa za kumtuliza jioni, zote ziwe za polepole.

Nne, chagua wakati. Wazee wengi wenye ugonjwa huu husumbuka jua linapokaribia kutua. Usingoje mpaka ameshika kitasa cha mlango. Anza saa kumi na nusu hivi, kabla wasiwasi haujaingia. Zima adhana inapotoka, kama alivyozoea maisha yake yote. Wakati mwingine mzuri ni dakika chache kabla ya kuoga. Mwache asikilize wimbo mmoja, kisha mshike mkono muende mkiuimba.

Tano, angalia sauti. Muweze kuzungumza bila kupaza sauti hata muziki ukilia. Tumia spika ndogo iliyo karibu naye badala ya vipokea sauti vya masikioni, maana wazee wengi huvikataa, na navyo humtenga nawe. Zima televisheni. Akionekana hasikii, usiongeze sauti tu, mpeleke zahanati achunguzwe masikio. Huenda ni nta iliyoziba, na ikitolewa utaona mabadiliko makubwa.

Kisha kaa naye umtazame. Akitikisa mguu, akiimba, akikushika mkono, wimbo huo uuweke alama. Akikunja uso, akiziba masikio au akilia kwa uchungu, uzime na usiurudie. Machozi mengine ni ya kheri, nawe utayajua kwa jinsi anavyokutazama. Usimfanyie mtihani kwa kumuuliza, "Unakumbuka nani aliimba?" Mwambie tu, "Huu wimbo wako, mama." Na usiuache muziki ukilia mchana kutwa, kwani nao huchosha.

Mama msikilizaji, hapa nisikilize kwa makini. Demensia huja polepole, kwa miezi na miaka. Mzee aliyekuwa mzima juzi, kisha leo amechanganyikiwa ghafla, hahitaji nyimbo. Anahitaji hospitali siku hiyo hiyo. Yaweza kuwa malaria, maambukizi ya mkojo, upungufu wa maji mwilini, sukari iliyoshuka au dawa zilizomdhuru. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama, hiyo yaweza kuwa kiharusi, usingoje hata saa moja. Na yule anayesahau polepole naye apelekwe apimwe presha, sukari na damu, kwa kuwa ziko sababu zinazotibika. Anza na kituo cha afya kilicho karibu nawe. Nao wakiona haja watakuandikia barua ya kwenda Hospitali Kuu ya Pwani.

Mwisho ni wewe mwenyewe. Katika kuzuru majumba tunakuta muuguzaji amekonda kuliko mgonjwa. Halali, hatoki, haendi arusini wala matangani. Basi jitengenezee na wewe nyimbo zako, hata tatu tu. Mkabidhi wifi au ndugu yako wa kiume mzee wako kwa nusu saa, keti upenuni upate upepo wa bahari, usikilize peke yako. Na kama una rafiki anayeuguza, mkusanyie nyimbo zake umpelekee pamoja na mahamri, kisha ukae na mgonjwa wake ili yeye apumzike. Kukaa huko ndiko kutakakomsaidia zaidi.

Kwa ufupi: nyimbo ziwe za ujana wake, zisizidi dakika 45, sauti iwe ya chini, nawe ukae naye. Mabadiliko ya ghafla ni ya hospitali. Na mtu akimwita mzee wako mchawi, mjibu waziwazi kwamba ni mgonjwa.

Mungu awape nguvu nyote mnaouguza.