Kuukumbuka Mji wa Kwetu



Wengi twausifu mji wa kwetu kwa midomo. Na tumtazame Kipchoge Keino, mkimbiaji wa Kenya. Mwaka 1968, huko Mexico, alishinda mbio za meta 1500, ingawa tumbo lilimwuma sana. Mwaka 1972, huko Munich, akashinda mbio za meta 3000 za kuruka viunzi na maji.

Baada ya sifa hizo zote alirudi Eldoret, mji ambao zamani uliitwa Sitini na Nne, kwa namba ya shamba ulipoanzia. Hapo yeye na mkewe Phyllis waliwapokea yatima, wakawalea kama watoto wao. Na mwaka 1999 wakafungua shule.

Mwaka 2024 Eldoret ulipewa cheo cha jiji. Lakini majumba hayamlei mtoto.

Vijana wetu nao huondoka, na wengi hawarudi. Kabla ya kuwalaumu, tujiulize: sisi tuliobaki, tumempokea mtoto wa nani? Apendaye kwao huonekana kwa mlango wake ulio wazi.