Kifafa, Mishipa ya Ubongo na Wajibu wa Usharika

(Hotuba ya Mratibu wa Miradi kwa wajumbe wa kamati za maendeleo za sharika)



Leo nazungumzia kifafa kwa kupitia ugonjwa mmoja ambao wengi wetu hatujausikia. Ni uvimbe wa mishipa ya damu ndani ya ubongo, ambao madaktari huuita kavenoma. Si chanzo kikubwa cha kifafa vijijini kwetu. Majeraha ya kichwa, matatizo wakati wa kuzaliwa, malaria kali na minyoo ya tegu ya nguruwe vina sehemu kubwa zaidi. Lakini kavenoma inatufundisha wazi kwamba mtu anayeanguka ana jambo ndani ya ubongo, na jambo hilo linaweza kuonekana na kutibiwa.

Mwaka 1988 Florence Griffith Joyner wa Marekani alishinda medali 3 za dhahabu za mbio katika Olimpiki ya Seoul. Septemba 1998 alifariki usingizini akiwa na miaka 38. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kuwa alishikwa na kifafa akakosa pumzi, na kwamba ubongoni alikuwa na kavenoma. Kama maradhi haya yalimpata mwanamke mwenye mbio kuliko wote duniani, tusiseme huja kwa walio dhaifu au waliolaaniwa.

Kavenoma ni kishada cha mishipa midogo iliyotanuka, yenye kuta nyembamba, mfano wa tunda la forosadi. Damu hupita humo polepole na mara nyingine huvuja. Si saratani, wala haiambukizi. Inakadiriwa kuwa mtu 1 kati ya 200 anayo, na wengi huishi nayo bila kujua. Kwa wengine huleta kifafa, maumivu ya kichwa, kuona vitu viwili viwili, au udhaifu wa upande mmoja wa mwili.

Wagonjwa wengi hawakuirithi. Wengine huipata miaka mingi baada ya kutibiwa kwa mionzi kichwani. Wachache hurithi hitilafu katika mojawapo ya jeni 3 zinazojulikana, na hao mara nyingi huwa na vishada vingi. Mzazi mwenye hitilafu hiyo, kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Kwa hiyo ndugu wawili wakianguka katika nyumba moja, tusimtafute jirani wa kumshutumu kwa uchawi. Tuwapeleke wote wawili hospitali.

Kipimo kinachoionyesha vizuri ni MRI. Kipimo cha CT huonyesha damu iliyovuja karibuni, lakini kinaweza kukosa kishada kidogo. Hapa nchini vipimo hivi pamoja na upasuaji wa ubongo hufanyika katika taasisi ya MOI, Muhimbili.

Je, kila mwenye kavenoma apasuliwe? Hapana, na familia isiuze shamba kabla ya kusikia ushauri wa daktari. Isiyo na dalili kwa kawaida huangaliwa tu kwa vipimo vya mara kwa mara. Kati ya watu 100 ambao kavenoma yao haijavuja na haiko kwenye shina la ubongo, takriban 4 tu huvuja damu ndani ya miaka 5. Iliyokwisha kuvuja, hasa kwenye shina la ubongo, ina hatari kubwa zaidi. Kifafa hutibiwa kwanza kwa vidonge. Upasuaji hufikiriwa pale damu inapovuja tena, au vidonge vinaposhindwa na kishada kiko mahali panapofikika. Hadi leo hakuna dawa iliyothibitishwa kukiondoa.

Ndugu wajumbe, naomba mambo matatu.

Kwanza, mtu akianguka tumsaidie. Wapo wanaoogopa povu lake wakidhani linaambukiza, na mgonjwa huungua motoni watu wakitazama. Povu hilo haliambukizi kifafa. Mwondoeni penye moto au maji, mlazeni ubavu, msimtie kitu mdomoni. Ikipita dakika 5 hajatulia, apelekwe hospitali haraka.

Pili, tuombe na tutibu pamoja. Mgonjwa akiombewa asiambiwe aache vidonge. Kuviacha ghafla kunaweza kuleta kifafa kisichokoma, na kifo. Mzee wa mtaa amtembelee, aulize kama dawa zipo.

Tatu, kila usharika uweke fungu la nauli na vipimo. Marafiki zetu wafadhili, tunawashukuru kwa majengo na visima. Lakini nauli ya mgonjwa na msindikizaji haina jiwe la msingi wala utepe wa kukata, na mara nyingi ndiyo inayokosekana. Tunaomba nayo iingie katika bajeti, ikiwa na stakabadhi na taarifa kama mradi mwingine wowote.

Mkirudi nyumbani, andikeni idadi ya watu wenye kifafa katika kila mtaa, na wangapi wanapata dawa. Majina yabaki siri ya mchungaji. Idadi ituletewe, tupange kazi kwa kuijua.