Viwanda vya Redio Vilinyamaza kwa Nini?

(Haya ni mazungumzo ya mwandishi wetu kwa walimu na watumishi wa umma wa wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera.)



Siku hizi hakuna mkutano, ibada wala harusi isiyotanguliwa na kazi ya kupanga vipaza sauti, au spika kama tulivyozoea kuviita. Lakini igeuze spika yoyote, usome maandishi yaliyo nyuma yake. Ni nadra kukuta kwamba imetengenezwa Tanzania. Nataka leo tuulizane ni kwa nini viwanda vyetu vya redio vilinyamaza, na jambo hilo linamhusu vipi mkulima wa kahawa wa huku.

Katika miaka ya 1960 kampuni ya Matsushita ya Japani ilianzisha kiwanda Dar es Salaam, kikatoa betri na redio za National. Arusha nako kampuni ya Philips ilikuwa na kiwanda cha redio. Redio wakati huo haikuwa anasa. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza na kujadiliana. Darasa kubwa namna hiyo lisingewezekana bila redio vijijini.

Redio hizo ziliunganishwa nchini, lakini moyo wake ulikuwa ng'ambo. Sehemu zake muhimu zililetwa kwa meli na kulipiwa kwa fedha za kigeni, na fedha hizo zilitokana na kahawa, pamba na mkonge. Kwa hiyo mkulima wa Karagwe, ambayo wakati huo ilijumuisha Kyerwa, alikuwa mlishaji wa viwanda ambavyo hakupata kuviona.

Baridi kali iliyounguza mibuni ya Brazil Julai 1975 ilipandisha bei ya kahawa duniani hadi ikafika kileleni mwaka 1977. Kisha bei ikaporomoka. Mwaka huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakauvamia mkoa wetu huu, na mwaka 1979 bei ya mafuta ikapanda. Hazina ikakauka. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 viwanda vya nchi yetu, kwa jumla, vilikuwa vikizalisha chini ya theluthi moja ya uwezo wake. Wanunuzi walikuwapo, fedha za kuagizia vipuri hazikuwapo. Wazee wetu wanakumbuka betri zilivyoanikwa juani ili zipate nguvu ya kusikilizia taarifa ya habari.

Misukosuko haikutupata sisi peke yetu. Mei 1978 waasi waliivamia Kolwezi, katika jimbo la Shaba nchini Zaire, mahali palipotoa sehemu kubwa ya kobalti ya dunia. Kobalti ilitumika kutengenezea sumaku za alniko zilizokuwa ndani ya spika bora. Bei ikapaa, na watengenezaji wa spika wa Marekani na Ulaya wakashikwa pabaya. Wakafanyaje? Waliiacha alniko, wakahamia sumaku za feriti zinazotokana na oksidi ya chuma, wakabuni upya spika zao. Waliumia, lakini maarifa yalikuwa yao.

Viwanda vyetu havikuwa na njia hiyo. Mfanyakazi wetu alishika bisibisi. Mchoro ulikaa kwa mwenye kampuni. Hapo ndipo tunapopaswa kujisahihisha. Tulihesabu majengo na mashine tukaviita viwanda, tusiulize ni nani ajuaye kubadilisha kifaa kimoja kinapokosekana. Wapo wasemao kwamba kulegezwa kwa uagizaji wa bidhaa mwaka 1984 ndiko kulikoviua viwanda. Mimi nasema kulivikuta mahututi.

Sasa tutazame tulicho nacho. Spika ni karatasi, waya wa shaba uliozungushwa, sumaku na sanduku. Sanduku si pambo: likilegea au likivuja hewa, sauti nzito hupotea. Seremala hodari wa Kayanga au Nkwenda aweza kulitengeneza. Lehemu ya kuungia nyaya huwa na bati, na bati linachimbwa Kyerwa. Kwa jirani zetu wa Ngara, katika ardhi ya Kabanga, mna nikeli, shaba na kobalti. Sisemi kesho tujenge kiwanda cha sumaku Murongo. Nasema tusiridhike kuuza kila kitu kikiwa ghafi, kisha tukinunue tena kikiwa ndani ya sanduku la mgeni.

Kazi hii inaanzia kwenu. Mwalimu wa fizikia, redio iliyokufa usiitupe. Ifungue mbele ya wanafunzi waone sumaku na waya vinavyofanya kazi. Afisa maendeleo ya jamii, sheria inaitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Vijana mafundi wa redio wakijiunga katika kikundi, wasisahauliwe. Afisa ununuzi, kabla ya kuagiza spika mpya, uliza kwanza kama ya zamani haitengenezeki, na kama sanduku haliwezi kuchongwa hapahapa. Fundi akifunga kibanda chake kwa kukosa kazi, wilaya imepoteza shule.

Ndugu zangu, bei ya kahawa itapanda na kushuka tena, kwa maana haipangwi Kayanga. Maarifa yaliyomo mikononi mwa vijana wetu hayashuki pamoja nayo. Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Viwanda vyetu vya redio vilitufundisha maana ya maneno hayo kwa gharama kubwa. Tusilipe mara ya pili.