DHIMA CHOMBO CHA PRESHA CHENYE CHETI KINAPOPASUKA

Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wakazi wa Mkuyuni, Mwanza, na wa visiwa vya jirani



Tarehe 23 Mei, 2024, katika kiwanda cha sukari cha Mtibwa, Turiani, mkoani Morogoro, watu 11 walipoteza maisha kutokana na mvuke wa moto baada ya bomba lake kupasuka. Msiba wa namna hiyo huacha swali moja midomoni mwa watu: chombo kilikaguliwa, je, nani awajibike?

Swali hilo si la viwanda vikubwa peke yake. Fundi wa pancha kando ya barabara, gereji yenye kompresa na hospitali yenye mtambo wa kuchemshia vifaa wote wanatumia vyombo vya presha. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke katika hewa ya kawaida hujaza nafasi ya zaidi ya lita 1,600. Maji yaliyo ndani ya boila huwa na moto kupita kiwango cha kawaida cha kuchemka, nayo hubaki maji kwa sababu tu yamebanwa. Bati likichanika, sehemu ya maji hayo hulipuka kuwa mvuke papo hapo.

1. Maana ya cheti

Cheti ni ushahidi wa mkaguzi kwamba siku aliyokiona chombo, na kwa presha iliyoandikwa, kilifaa kutumika. Cheti hakizuii kutu, wala hakioni fundi anayekaza vali ya usalama ili presha ipande, wala mtumishi anayeacha maji ya boila yapungue usiku. Chombo kikichomelewa kiraka baada ya ukaguzi, kilichokaguliwa na kilichopasuka si kitu kimoja tena, hata kama namba ya bamba ni ile ile.

2. Mwenye mali na mwajiri

Kwa mujibu wa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, iliyochukua nafasi ya sheria ya viwanda ya enzi za ukoloni, wajibu wa kuweka mahali pa kazi katika hali ya usalama ni wa mwajiri. Ukaguzi wa Serikali humsimamia katika wajibu huo, haumpokonyi. Aidha, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, hulihesabu kuwa kosa la jinai tendo la mtu mwenye kusimamia mtambo kuacha, kwa uzembe, kuchukua tahadhari dhidi ya hatari inayotazamiwa.

Mfanyakazi aliyeumia, au wategemezi wa aliyefariki, hawalazimiki kungoja kesi ya uzembe iishe. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Na. 20 ya mwaka 2008, inatoa fidia bila kudai uthibitisho wa kosa la mwajiri. Lakini mpita njia aliyejeruhiwa na kompresa ya jirani si mfanyakazi wa pale. Yeye hana budi kudai kwa njia ya madai ya kawaida na kuthibitisha uzembe. Hapo ndipo kumbukumbu za chombo huwa na uzito.

3. Mkaguzi

Je, aliyetia saini yuko huru? Mahakama za Uingereza, ambazo hukumu zake hazizifungi mahakama za Tanzania ingawa huzingatiwa, zimetoa majibu mawili. Mwaka 1995, katika shauri la meli Nicholas H, iliyozama baada ya mkaguzi kuiruhusu iendelee na safari kwa matengenezo ya muda, iliamuliwa kwamba taasisi iliyomtuma haikuwa na dhima kwa wenye shehena. Mwaka 1998, katika shauri la Perrett dhidi ya Collins, abiria aliumia katika ndege ndogo iliyokuwa imepewa cheti cha kufaa kuruka. Mahakama ilikubali kwamba mkaguzi alikuwa na wajibu wa uangalifu kwake. Tofauti kubwa ni kwamba shauri la kwanza lilihusu mali, na la pili mwili wa mtu. Watumishi wenye kutia saini vyeti wanapaswa kulitafakari jambo hilo.

4. Masharti ya cheti

Wakazi wa visiwani wanaujua uchungu wa kuvuka masharti. Kivuko MV Nyerere, kilichopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba, 2018, kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101. Waliofariki peke yao walizidi 220. Idadi ya abiria kwa kivuko ni kama presha kwa boila: aliyeizidisha hawezi kujikinga kwa cheti alichokiuka, na aliyeona ikizidishwa akanyamaza naye ana la kujibu.

5. Yanayotakiwa kutekelezwa

(a) Kila mwenye chombo aweke daftari la ukaguzi, matengenezo na majaribio ya vali, lenye tarehe na majina ya mafundi.

(b) Chombo kilichochomelewa au kubadilishwa kisitumike mpaka kikaguliwe upya. Jaribio la uimara lifanywe kwa maji, kwa kuwa hewa iliyobanwa huua chombo kinapopasuka.

(c) Asiwepo mtu wa kufunga, kukaza au kuziba vali ya usalama.

(d) Mnunuzi wa mtungi wa kompresa uliotumika adai cheti, na alinganishe namba yake na ile ya bamba.

(e) Ajali ikitokea, majeruhi waokolewe kwanza. Kisha vipande, geji na vali viachwe vilipo mpaka wakaguzi wafike. Anayeviuza kama chuma chakavu anaharibu ushahidi wa wafiwa, na pengine utetezi wake mwenyewe.

Wananchi wanaombwa kutoa taarifa mapema kwa ofisi ya kata au kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi wanapoona chombo kinachovuja, kilichoota kutu au kisicho na geji. Saini ya mkaguzi ni ya siku moja. Uangalizi wa mwenye chombo ni wa kila siku, na dhima humfuata aliyekuwa na uwezo wa kuzuia madhara asizuie.