Shinikizo Kali la Damu na Matibabu Yake



Shinikizo la damu, ambalo wengi hulijua kwa jina la presha, hudhaniwa na watu kuwa ni ugonjwa wa hasira au wa mawazo mengi, nao husema kwamba mtu akiutuliza moyo wake, presha itashuka yenyewe. Dhana hiyo imewapeleka wengi kaburini kabla ya wakati wao. Hotuba hii haihusu presha ile ipandayo kidogo na kushuka, bali ile iliyo kali, ambayo huweza kuharibu macho, mafigo, ubongo na moyo kwa muda wa majuma machache, na pengine kwa saa chache tu.

Kwanza yafaa kufahamu ni kitu gani kinachopimwa. Kila moyo unapopiga, damu hupelekwa mishipani kwa nguvu, na nguvu hiyo inayosukuma kuta za mishipa ndiyo hesabu ya juu. Moyo unapopumzika kati ya pigo na pigo, nguvu hupungua, na hiyo ndiyo hesabu ya chini. Mwaka 1733 kasisi mmoja wa Kiingereza, Stephen Hales, alieleza katika kitabu jinsi alivyounganisha mshipa wa farasi na bomba refu la kioo, akaona damu ikipanda ndani yake zaidi ya futi 8. Ni dhahiri kwamba hakuna mgonjwa ambaye angekubali kupimwa hivyo. Mwaka 1896 Mwitalia Scipione Riva-Rocci alitengeneza mfuko wa mpira wa kufungwa mkononi na kujazwa upepo, na mwaka 1905 Mrusi Nikolai Korotkov akaonyesha namna ya kusikiliza mshipa chini ya mfuko huo. Mashine nyingi za siku hizi hazina zebaki ndani yake, lakini hesabu ingali inaandikwa kwa milimita za zebaki. Ikiwa chini ya 120 kwa 80, hali ni njema. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, tena kwa siku mbalimbali, mtu ana ugonjwa. Ikifika 180 kwa 120, hilo ni jambo kali, wala si la kungojea mwisho wa mwezi.

Kisa cha Rais Franklin D. Roosevelt wa Marekani chafundisha kuliko maelezo mengi. Mwaka 1937 presha yake ilikuwa 162 kwa 98, na mwaka 1941 ilikuwa 188 kwa 105. Daktari wake wa kila siku alikuwa hodari wa magonjwa ya pua na koo, na wananchi waliambiwa kwamba Rais yu mzima. Mwezi wa Machi 1944, alipokuwa akihema na kukosa nguvu, alipelekwa kwa daktari wa moyo, Howard Bruenn, ambaye alikuta moyo umetanuka na kushindwa kazi yake. Bruenn alimpa dawa ya kuusaidia moyo, akampunguzia chumvi na sigara, akamtaka apumzike. Hakuwa na jingine la kumpa! Rais wa nchi yenye mali kuliko zote duniani hakuweza kupata kidonge kimoja cha kushusha presha yake, kwa kuwa kidonge cha namna hiyo chenye kufaa kilikuwa hakijapatikana. Tarehe 12 Aprili 1945, huko Warm Springs katika jimbo la Georgia, alilalamika kwamba kichwa chamuuma sana, kisha akazimia. Presha ilipopimwa ilikuwa imepita 300 kwa 190. Mshipa ulikuwa umepasuka ubongoni, naye alifariki alasiri ile ile akiwa na umri wa miaka 63.

Leo vidonge ambavyo vingeweza kumsaidia Rais yule hupatikana katika vituo vya afya vya mikoani. Jambo hilo yafaa likumbukwe na kila mtu aliyeandikiwa dawa akaziacha kabatini kwa sababu anajiona mzima.

Presha inapokuwa kali mno, kuta za mishipa midogo huumia. Maji ya damu hupenya ndani ya kuta hizo, zikavimba, na njia ya damu ikawa nyembamba kama tundu la sindano. Mafigo yakikosa damu ya kutosha hudhani kwamba mwili mzima umepungukiwa na damu, nayo hutoa kemikali iitwayo renini, ambayo huamsha nyingine za kuibana mishipa zaidi na kuzuia chumvi mwilini. Basi presha hupanda tena, mafigo huumia tena, na kemikali huzidi kutolewa. Mduara huo usipokatwa na dawa, mwisho wake ni mauti. Ndiyo sababu madaktari wa Kijerumani Franz Volhard na Theodor Fahr, walioandika habari zake mwaka 1914, waliutenga ugonjwa huu na presha ya kawaida, wakauita kwa jina la uovu, kama vile saratani mbaya inavyoitwa.

Jicho ndiyo dirisha lake. Daktari akitazama kwa chombo chenye taa ndani ya mboni, huiona mishipa midogo ya damu bila kumpasua mtu, wala hakuna mahali pengine mwilini pa kuiona kwa wepisi hivyo. Katika ugonjwa huu huona madoa ya damu iliyovuja, na mahali unapoingilia mshipa wa fahamu wa jicho pamevimba. Mwaka 1939 madaktari Keith, Wagener na Barker wa Mayo Clinic huko Marekani waliwapanga wagonjwa wao wa presha kwa kadiri ya hali ya macho. Wale ambao macho yao yalikuwa na uvimbe huo, katika kila watano takriban wanne walikufa kabla ya mwaka kwisha.

Matibabu ya zamani hizo yalikuwa mazito kama ugonjwa wenyewe. Wengine walipasuliwa mgongoni na kukatwa neva zinazobana mishipa, na baadaye kila waliposimama kizunguzungu kiliwashika. Daktari Walter Kempner, katika chuo kikuu cha Duke, aliwalisha wagonjwa wali usiotiwa chumvi, matunda na sukari tu, siku baada ya siku, na baadhi yao walipona macho na moyo ukanywea. Lakini ni nani awezaye kula wali mkavu usio na mchuzi kwa miezi? Hata hivyo Kempner alithibitisha jambo kubwa, kwamba chumvi ikiondolewa, presha kali yaweza kushuka. Karibu na mwaka 1950 ilikuja dawa ya sindano iitwayo heksamethonia, ambayo Horace Smirk wa New Zealand aliitumia sana. Ilishusha presha kweli, lakini ilikausha kinywa, ikafunga choo na kumwangusha mtu akisimama. India nayo ilitoa dawa katika mzizi wa mti uliotumiwa na waganga wake tangu kale, na Daktari Rustom Jal Vakil wa Bombay aliwaandikia madaktari wa Uingereza habari zake mwaka 1949. Vidonge vya kutoa chumvi kwa njia ya mkojo vilifuata mnamo miaka ya mwisho ya 1950.

Shaka ilikuwa bado ipo kama kushusha presha kulirefusha maisha, au kulibadili hesabu tu. Daktari Edward Freis na wenzake walilijibu swali hilo mwaka 1967 kwa wanaume 143 waliokuwa askari wa Marekani, ambao hesabu yao ya chini ilikuwa kati ya 115 na 129. Watu 73 walipewa dawa, na 70 walipewa vidonge vya bure visivyo na dawa ndani. Miongoni mwa wale wa vidonge vya bure, 27 walipatwa na madhara makubwa na 4 walikufa. Miongoni mwa wale wa dawa, madhara makubwa yaliwapata 2 tu, wala hakufa hata mmoja. Tangu siku hiyo ubishi ulikwisha.

Wako wasemao kwamba presha ni maradhi ya Wazungu na matajiri. Zamani usemi huo ulikuwa na sababu. Mwaka 1929 Daktari C. P. Donnison aliandika katika gazeti la Lancet kwamba katika hospitali ya South Kavirondo, nchini Kenya, walilazwa wagonjwa wapatao 1,800 kwa miaka miwili, wala hakumwona hata mmoja mwenye presha ya juu. Lakini dunia imegeuka. Uchunguzi uliotolewa mwaka 1990 uliwafuata Waluo waliotoka vijijini Nyanza wakaenda kukaa Nairobi, ukaonyesha kwamba presha zao zilianza kupanda muda mfupi tu baada ya kuhama. Mkojo wao ulikuwa na chumvi zaidi, na potasi, ile itokayo katika mboga na matunda, ilikuwa kidogo ikilinganishwa na chumvi hiyo. Damu yao ilikuwa ile ile ya baba zao. Kilichobadilika ni chakula na maisha. Na sasa hata kijijini chumvi imejaa dukani. Uchunguzi wa Kenya nzima wa mwaka 2015 ulikuta kwamba karibu mtu mmoja katika kila watu wazima wanne alikuwa na presha ya juu, na wengi wa Wakenya walikuwa hawajapimwa kamwe. Shirika la Afya Duniani lashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa chakula chote, pamoja na ile iliyomo katika mkate na mchuzi wa pakiti.

Sasa, mtu akikutwa na 200 kwa 130 afanyiweje? Hapa ndipo wengi hukosea, hata wenye duka la dawa. Jambo la kutazamwa si hesabu peke yake, bali kama kuna kiungo kinachoumia. Kichwa kuuma vikali, macho kuona ukungu, kuchanganyikiwa akili, degedege, kifua kubana, kukosa pumzi, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, mkojo kuwa na damu: mwenye dalili moja ya hizo apelekwe hospitali saa ile ile, wala asingojeshwe mpaka asubuhi. Asiye na dalili yoyote apumzishwe, apimwe tena, aanzishiwe vidonge au arudishiwe vile alivyoviacha, na presha ishushwe kwa siku kadhaa. Huyo hahitaji sindano.

Mgonjwa wa hospitali naye hashushwi kwa pupa. Katika saa ya kwanza presha hupunguzwa isizidi robo yake, kisha hufikishwa karibu na 160 kwa 100 kwa saa chache zifuatazo. Mkulima wa mpunga ataelewa sababu yake. Shamba la mbali lililozoea mfereji wenye maji ya nguvu, mlango wa mfereji ukifungwa ghafula, hukauka kwanza kabla ya mashamba ya karibu. Ubongo uliozoea presha kubwa vile vile hukosa damu ikishuka ghafula, na mtu aliyekuja akitembea akapata kiharusi mikononi mwa madaktari. Zamani ilikuwa desturi kumpa mgonjwa tone la dawa ya nifedipini chini ya ulimi. Desturi hiyo ilikatazwa katika miaka ya 1990 kwa sababu ya madhara hayo hayo, na anayeifanya leo afanya vibaya. Katika hali chache, kama vile ukuta wa mshipa mkuu utokao moyoni kupasuka, daktari hulazimika kushusha upesi, lakini hiyo ni kazi ya daktari.

Mama mja mzito ana habari yake mwenyewe. Presha ikipanda baada ya mwezi wa tano wa mimba, uso na mikono vikavimba, kichwa kikauma, au maumivu yakaja chini ya mbavu za kulia, hiyo ni hatari ya kifafa cha mimba. Kwake 160 kwa 110 yatosha kuwa ni jambo la haraka. Wengine husema amepagawa na pepo, wakamfukizia ubani huku saa zinapita. Dawa yake ni magnesia salfeti. Uchunguzi mkubwa wa mwaka 1995 ulionyesha kwamba huzuia degedege lisirudi kuliko dawa nyingine, na ule wa mwaka 2002 kwamba huipunguza kwa nusu hatari ya degedege kuanza. Ponya hasa ni mtoto na kondo kutoka, lakini degedege laweza kuja hata siku kadhaa baada ya kuzaa, kwa hiyo mama asiharakishwe kurudi nyumbani. Tena baadhi ya vidonge vya presha, kama enalaprili na losartani, humdhuru mtoto tumboni. Mwanamke avitumiaye amwambie daktari mapema akitaka kuzaa.

Hatari ikipita, vidonge huendelea. Mwaka 2019 ulitolewa uchunguzi uliofanywa katika nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo, kwa watu zaidi ya 700. Ulionyesha kwamba amlodipini pamoja na dawa ya kutoa chumvi kwa mkojo, au amlodipini pamoja na perindoprili, huwashusha presha Waafrika vizuri zaidi kuliko zile mbili nyingine zikichanganywa bila amlodipini. Vidonge hivi humezwa kila siku, na mtu akijisikia mzima ni kwa sababu vinafanya kazi.

Na mgonjwa akiwa kijana, daktari hutafuta chanzo. Katika wengi wenye presha chanzo kimoja hakionekani, lakini kijana wa miaka 25 mwenye 200 kwa 130 huenda ana ugonjwa wa mafigo, au mshipa wa figo umebanwa, au ana uvimbe katika tezi iliyo juu ya figo, ambao humletea mapigo ya moyo ya kasi, jasho na kichwa kuuma vikija na kwenda. Kwa hiyo hupimwa mkojo na damu, na mafigo hupigwa picha. Uvimbe wa namna hiyo ukipatikana na kuondolewa kwa kupasuliwa, wako waliorudi nyumbani na presha ya 120 kwa 80.